Kekee ya malale hujengwa fito kwa fito

Ukitoka Mpanda mjini kwenda Kasansa, kuna mahali baada ya Sitalike ambapo abiria huanza kufunga vioo bila kuambiana. Joto halijapungua, wala vumbi halijazidi. Gari limeingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na ndorobo wameshaanza kulifukuza. Kwao gari si gari. Ni kitu kikubwa chenye rangi iliyokolea, kinatembea na kutoa joto, basi watadhani nini kama si nyati?

Siku niliyopita mimi, mmoja alitua gotini kwangu. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko nzi wa jikoni, rangi ya kahawia, mabawa kayalaza moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo umechomoza mbele kama sindano. Nikampiga kofi. Akaruka, akatua palepale.

"Huyo hafi kwa kofi, mwanangu," akaniambia mama niliyekaa naye kiti kimoja, huku akimfunika mjukuu wake miguu kwa khanga. "Mbane, kisha msage."

Nilimsaga. Njia iliyobaki nikawa nawaza kilichokuwa tumboni mwake. Huenda hakikuwamo kitu. Ndorobo wenye uwezo wa kumwambukiza mtu malale ni wachache mno, mara nyingi hawafiki hata mmoja katika mia. Lakini akiwa ni huyo mmoja, ndani ya mate yake wanaogelea viumbe wa seli moja, wembamba kama kamba ya kiatu iliyosokotwa, urefu wao kati ya mikromita 20 na 30. Chukua milimita moja uigawe mara elfu. Vipande 20 au 30 vya mgawo huo ndio urefu wa adui mwenyewe.

Jina lake la kitaalamu ni Trypanosoma. Mtu wa kwanza kulitumia alikuwa David Gruby, daktari aliyefanya kazi Paris, mwaka 1843, baada ya kuona kiumbe wa jamii hiyo katika damu ya chura. Alikiona kikijizungusha kama kifaa cha kutobolea mbao, akachukua neno la Kigiriki lenye maana hiyo. Sisi kifaa hicho tunakiita kekee, na maseremala wetu wanakijua vizuri. Kwa hiyo tukitaka kutafsiri jina la kimelea cha malale, tutasema mwili-kekee, na hatutakuwa mbali na ukweli.

Kekee hii ilishaacha makaburi mengi Afrika Mashariki. Mlipuko ulioanza mwaka 1900 kuzunguka Ziwa Victoria upande wa Uganda uliua watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni katika miongo miwili. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Karl Kleine, akiwa ukanda wa ziwa hilohilo katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba ndorobo habebi kimelea mdomoni tu kama mtu anavyobeba tope kwenye kiatu. Kimelea hukua na kubadilika ndani ya ndorobo kwa siku nyingi kabla ya kuwa tayari kumwingia mnyama mwingine. Mwaka uliofuata, Stephens na Fantham wa Liverpool wakaeleza aina kali ya mashariki na kusini mwa Afrika, rhodesiense, kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa, katika Zambia ya leo. Hiyo ndiyo aina ya kwetu. Kigoma, Tabora, Rukwa na Katavi zimo katika ramani yake toka enzi za ukoloni, wakati Waingereza walipohamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi maalumu ili kuwatenga na pori la ndorobo.

Historia hiyo imeandikwa na wengi. Kilichoandikwa kidogo kwa Kiswahili ni swali ambalo mtoto angeuliza kwanza: huo mkia unaoizungusha kekee unatoka wapi? Seli ni tone la maji lenye utando. Tone la maji linaotaje mkia?

Jibu nililiona Kasansa kabla sijalielewa vitabuni. Kata hii iko Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, na msimu ukiwa mzuri mpunga na mahindi huwa vingi kiasi cha mtu kutafuta pa kuweka. Pembeni mwa njia nilimkuta mzee anasuka kihenge. Alikwisha kuchimbia fito za kusimama kwa mduara, na sasa alikuwa akipitisha fito nyembamba kwa ulalo, ndani, nje, ndani, nje, akizibana kwa kamba za magome ya miyombo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, ila usikanyage kamba."

Nikamuuliza kwa nini asikandike udongo kidogo kidogo huku anasuka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asile ugali kabla ya kuusonga. "Udongo haujui kusimama," akasema. "Udongo unafuata fito. Ukikosea fito, udongo utakuumbua."

Seli nayo ina fito. Wanabiolojia wa seli huzungumzia kiunzi chake: nyuzi na mirija ya protini inayoipa seli umbo, inayoishikilia, na inayoisukuma pale inapotaka kuchomoza. Seli nyeupe ya damu ikinyoosha kidole kumfuata bakteria, ni nyuzi za protini iitwayo aktini zinazojipanga chini ya utando na kuusukuma kwa nje. Utando wenyewe haujui kusimama, kama udongo wa mzee. Kwa kazi za kudumu zaidi, kama mikia na vinyweleo vinavyopigapiga, seli hutumia mirija myembamba sana ambayo hapa nitaiita vijirija. Kimoja kina upana wa nanomita 25. Ukilaza vijirija 40 ubavu kwa ubavu ndipo unapata mikromita moja.

Kijirija hakikatwi porini. Hujengwa kwa kuunganisha vipande vya protini ya tubulini, viwili viwili, kwa mistari ambayo kwa kawaida huwa 13, ikishikana kando kwa kando hadi kufanya mrija. Ncha moja hukua upesi kuliko nyingine, na hata ile inayokua huweza kubomoka ghafla na kukifumua kilichounganishwa. Hapa ndipo mfano wa kihenge unapoanza kuchoka: hebu fikiria fito zinazojirefusha na kujifupisha zenyewe usiku na mchana, na kihenge kinabaki kimesimama.

Kimelea cha malale kina vyote viwili, kihenge na mkia. Chini ya utando wake kuna vijirija zaidi ya 100 vilivyopangwa sambamba toka upande mmoja wa mwili hadi mwingine, vimefungwa kimoja na kingine kama fito za mzee wangu. Ndivyo vinavyompa umbo lile jembamba. Kisha kuna mkia, ambao wataalamu wanauita flajela. Ndani yake vijirija vimepangwa kwa mpango ambao haujabadilika sana tangu viumbe wenye seli zenye kiini walipoanza kuwepo: jozi tisa kwa mduara na viwili katikati. Mpango huohuo uko katika mkia wa mbegu ya kiume ya binadamu, na katika vinyweleo vinavyosukuma makohozi nje ya mapafu yetu. Nikisema kwamba mimi, wewe na kimelea cha malale tuna fundi mmoja, sitanii.

Na nimeuita mkia kwa mazoea tu, maana uko mbele. Unaanzia kwenye kishimo karibu na upande wa nyuma wa mwili, unapita ubavuni umeshikamana na utando mwendo mrefu, halafu ncha inatokeza mbele. Mawimbi yake huanzia nchani na kurudi nyuma, na mwili wote unavutwa kuifuata ncha huku ukijinyonganyonga. Ni mkia unaotangulia.

Tatizo la ujenzi lipo nchani hapo. Tubulini hutengenezwa ndani ya mwili wa seli, lakini kijirija hurefushiwa kwenye ncha, mbali na kiwanda. Mkia mzima umevikwa utando mwembamba na ndani hakuna mahali pa kutengenezea protini hata moja. Vifaa vinafikaje kileleni? Swali hilo lilipata jibu mwaka 1993, Yale, Marekani, katika maabara ya Joel Rosenbaum. Mwanafunzi wake Keith Kozminski alikuwa akitazama Chlamydomonas, kiumbe wa kijani wa majini mwenye mikia miwili, akaona chembechembe zikisafiri chini ya utando wa mkia, nyingine zikipanda, nyingine zikishuka, bila kusimama. Ni msururu wa mizigo. Mtambo mmoja wa protini, kinesini, huvuta shehena kuelekea nchani juu ya vijirija vilevile kama treni juu ya reli, na mwingine, dainini, hurudisha mabehewa matupu. Katika kimelea cha malale treni hizo hupanda kwa mwendo wa zaidi ya mikromita 2 kwa sekunde, kwa hiyo mzigo hufika mwisho wa reli ndani ya sekunde kumi hivi. Reli yetu ya Mpanda kwenda Tabora ingeona wivu.

Rosenbaum huyohuyo alikwisha kufanya jaribio mwaka 1969 ambalo kila nikilisoma nacheka. Yeye na wenzake waliukata mkia mmoja wa Chlamydomonas wakauacha wa pili. Uliokatwa ukaanza kuota. Uliobaki mzima ukaanza kufupika! Ilipolingana, yote miwili ikarefuka pamoja hadi kimo cha kawaida. Seli haina macho wala rula, lakini ilijua kwamba mmoja umepungua, ikagawa vifaa.

Kimelea cha malale hakifanyi hivyo. Yeye ni mjenzi wa namna nyingine, na kwa maoni yangu ndiye anayevutia zaidi. Kabla ya kugawanyika kuwa wawili, huacha mkia wa zamani kama ulivyo na kujenga mpya pembeni yake. Hauazimi kitu kutoka kwa wa zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na kundi la Philippe Bastin wa Taasisi ya Pasteur, Paris, ulionyesha kwamba mkia mpya hurefuka kwa kasi isiyobadilika, kisha hufika wakati unafungwa kwa kufuli: haurefuki tena wala haufupiki. Kujenga halafu kufunga. Fundi anayeweka paa akaondoka na ngazi yake.

Na mkia mpya unajuaje uelekee wapi? Hapa ndipo niliposoma mara mbili. Mwaka 2001 kundi la Keith Gull nchini Uingereza lilieleza kuwa, katika vimelea wanaoishi tumboni mwa ndorobo, ncha ya mkia mpya imefungwa ubavuni mwa mkia wa zamani kwa kiungo maalumu. Kadiri mpya unavyorefuka, kiungo kinateleza juu ya wa zamani kuelekea mbele. Mtoto anajifunza njia kwa kushika kanzu ya baba. Njia hiyo ndiyo inayoamua mwili mpya utakuwa na umbo gani, maana vijirija vya kihenge hupangwa kwa kuufuata mkia. Miaka miwili baadaye Linda Kohl, Derrick Robinson na Bastin wakazima misururu ya mizigo ili waone kitakachotokea. Vimelea waliojenga mikia mifupi wakawa na miili mifupi. Waliokosa mkia kabisa walipoteza mbele na nyuma, wakashindwa kugawanyika inavyotakiwa. Mtu angedhani mwili ndio unaoota mkia. Kwa kiumbe huyu, mkia ndio unaochora mwili.

Ndani ya damu ya mtu mkia una kazi nyingine, ya kijeshi. Miili yetu ikimtambua kimelea humrushia kingamwili, zinazomng'ang'ania juu ya utando kama matunda ya kishonanguo yanavyong'ang'ania suruali. Yeye haachi kuogelea. Mwaka 2007 Markus Engstler na wenzake walionyesha kwamba mkondo unaotokana na kuogelea kwake huzisukuma kingamwili hizo kuelekea nyuma, hadi kwenye kile kishimo ulikoanzia mkia, na pale humezwa. Anajifuta kwa kutembea. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine walikuwa wameona kwamba vimelea wa hatua ya damu wakiharibiwa protini za kuuendesha mkia, hufa hata ndani ya chupa ya maabara pasipo na kingamwili yoyote. Wanashindwa kumaliza kugawanyika.

Mtu mwenye akili ya kibiashara atauliza: kama mkia ni uhai wake, kwa nini hatuna dawa ya kuubomoa? Wazo si la kipuuzi. Albendazole, kidonge cha minyoo wanachotafuna wanafunzi wa shule za msingi, hufanya kazi hiyohiyo kwa minyoo: hushika tubulini yao na kuzuia vijirija visijengeke. Shida ya malale ni kwamba fundi ni mmoja, kama nilivyosema. Kinachovunja fito za mwenzako kisivunje na zako ni kitu adimu. Dawa za malale zilizopo hazikubuniwa kwa kulenga kiunzi. Suramin ilitoka Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Melarsoprol, ya mwaka 1949, imetengenezwa kwa aseniki, sumu yenyewe, na huua takriban mgonjwa mmoja katika 20 wanaodungwa. Afadhali sasa imepatikana fexinidazole, vidonge vya siku kumi, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa rhodesiense nchini Malawi na Uganda na kuingizwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2024.

Ndorobo nao si kwamba hawashindiki. Unguja walimalizwa. Kati ya 1994 na 1997 madume yaliyohasiwa kwa mionzi, yaliyofugwa Tanga, yalimwagwa kwa ndege kisiwani hadi ndorobo wa mwisho akakosa mume wa kuzaa naye. Ndorobo jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati, amemlea tumboni kwa kitu kama maziwa, kwa hiyo uzazi wao ukivurugwa haurudi haraka. Lakini Unguja ni kisiwa. Katavi ni pori lililoungana na mapori, na nyati wake hawadungwi sindano. Ng'ombe wa wafugaji wa bondeni hudungwa Berenil dhidi ya nagana, yaani malale ya mifugo, na huo ni msaada pia kwa mwenye ng'ombe, maana ng'ombe anaweza kubeba malale ya binadamu bila kuonyesha dalili.

Wagonjwa wa aina ya rhodesiense wanaoripotiwa Afrika nzima wameshuka, katika miaka ya karibuni hawafiki 100 kwa mwaka. Ni habari njema, na ndiyo inayonitia wasiwasi, maana ugonjwa ukiwa adimu watu huacha kuutafuta.

Malale ya kwetu hugunduliwa vipi? Kwa ule mkia. Mtaalamu wa maabara huweka tone la damu juu ya slaidi, hufunika kwa kioo chembamba na kutazama kwa hadubini. Mara nyingi hamwoni kimelea kwanza. Anachoona ni seli nyekundu za damu zinatikisika bila upepo, moja inasukumwa huku, nyingine inageuzwa kule, kama majani ya mpunga yanavyotikisika panya anapopita chini. Anatulia, anafuatilia mtikisiko, kisha kekee inatokeza.

Zamani kila mwenye homa alitolewa damu ikatazamwa hivyo kutafuta malaria, na malale yalionekana kwa bahati. Siku hizi kuna kipimo cha haraka cha malaria, kile cha mistari miwili, na kimeokoa maisha ya wengi. Lakini kipimo hicho hujibu swali moja tu. Kikisema hakuna malaria, hadubini inaweza kubaki imefunikwa kitambaa chake na mgonjwa akarudi nyumbani na panado. Mimi mwenyewe nimewahi kurudishwa hivyo, mahali ambapo sitapataja, kwa homa iliyokuja kuwa kitu kingine kabisa. Aina ya rhodesiense haitoi nafasi ya kurudishwa rudishwa. Huingia ubongoni ndani ya wiki au miezi michache, mgonjwa akaanza kusinzia mchana na kukesha usiku, kuchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa.

Basi wewe uliyeko Kasansa, Majimoto, Usevya au Sitalike, na wewe unayepeleka ng'ombe, kurina asali au kupita tu porini: ukipata homa isiyokwisha, kichwa kikauma, tezi zikavimba, au pale ulipoumwa na ndorobo pakafura kama jipu, na kipimo cha malaria kikasema huna, usiondoke. Mwambie mhudumu kwamba uliumwa na ndorobo, na umwombe atazame damu yako kwa hadubini.